Ziara ya kwanza ya mtoto kwa daktari wa meno

Ziara ya kwanza ya mtoto kwa daktari wa meno ni siku mtoto mdogo anapopelekwa kliniki ya meno kwa mara ya kwanza ili kinywa chake kichunguzwe. Madaktari wa meno ya watoto wa Marekani hushauri ifanyike jino la kwanza linapoota, au kabla mtoto hajapita miezi 12. Katika Afrika ya Mashariki wazazi wengi hungoja mpaka mtoto alie usiku kwa maumivu. Hapo mtoto humjua daktari kwanza kwa sindano ya ganzi na koleo, na woga huo anaweza kuwa nao hata ukubwani.

== Meno ya utoto ==
Meno ya utoto ni 20. Ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ya mbele katika taya la chini, huota mtoto akiwa na miezi 6 hivi, na yote huwa yametimia anapokaribia miaka 3. Kwa kuwa yatang'oka, watu huyadharau. Hata hivyo humsaidia mtoto kutafuna na kutamka maneno, tena hutunza nafasi ya meno ya kudumu. Magego ya utoto hubaki mpaka miaka 10 hadi 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 4 lina muda mrefu wa kumtesa.

== "Meno ya plastiki" ==
Sehemu mbalimbali za Tanzania kuna imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa au kuhara ana "meno ya plastiki", yaitwayo pia "meno ya nailoni". Uvimbe mweupe unaoonyeshwa kwenye fizi ni chonge za utoto ambazo hazijatoka. Kuzichimba kwa kifaa kisicho safi huleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata kifo, na huweza kuharibu chonge za kudumu zilizo chini yake. Homa na kuhara hutibiwa hospitalini. Mzazi aliyeambiwa habari hizi na majirani ana sababu nzuri ya kumwonyesha daktari wa meno fizi za mtoto mapema.

== Maandalizi nyumbani ==
Mtoto aliyezoea kufunguliwa kinywa nyumbani hupata taabu ndogo zaidi kliniki. Fizi husafishwa kwa kitambaa safi chenye maji, na jino likishaota hutumika mswaki laini wenye dawa ya meno ya floridi kiasi cha punje ya mchele. Kwa mtoto wa miaka 2 au 3, mchezo wa kuhesabiana meno mbele ya kioo hufaa kuliko maelezo marefu.

Kauli ya "ukisumbua nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano" huharibu kazi yote hiyo. Ahadi ya "haitauma hata kidogo" nayo si salama, maana neno lenyewe humfundisha mtoto kutarajia maumivu. Inatosha kumwambia kwamba daktari atatazama meno na kuyahesabu.

== Kliniki ==
Asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na kulala vya kutosha, ndio wakati mzuri. Mzazi huchukua kadi ya kliniki na kumweleza daktari magonjwa ya mtoto, hasa ya moyo, pamoja na dawa anazotumia.

Mtoto mdogo sana halazimiki kukaa kwenye kiti kikubwa. Mzazi na daktari huketi wakitazamana, magoti yakigusana. Mtoto hulazwa juu ya mapaja yao, kichwa kikiwa kwa daktari na uso ukimwelekea mzazi. Kwa aliyekua kidogo, daktari hueleza kila kifaa, humwonyesha, kisha ndipo hukitumia. Kulia ni jambo la kawaida katika umri huu, na kinywa kinacholia kwa kweli huwa wazi vya kutosha kukaguliwa.

Uchunguzi huchukua dakika chache. Daktari hutazama meno na fizi, na huuliza kuhusu chupa ya maziwa au juisi anayolala nayo mtoto, ambayo huozesha meno ya mbele ya juu. Akiona madoa meupe karibu na fizi, ambayo huweza kuwa dalili ya kwanza ya kuoza, hupanga mtoto arudi mapema. La sivyo, mara nyingi humwita tena baada ya miezi 6.