Pembe za Ndovu, Kahawa na Jinzi: Machakos na Masoko ya Nje

Kabla Kenya haijawa nchi yenye mipaka, forodha na wizara ya biashara, Wakamba walikuwa tayari wanauza nje. Tangu karne ya 18, na kwa nguvu zaidi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara yao ilishuka kutoka Ukambani hadi Rabai na Mombasa ikiwa imebeba pembe za ndovu na za vifaru, nta, asali na samli. Ilirudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara aliyevuma kuliko wote, aliongoza misafara ya mamia ya watu. Ndiye aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ilikuwa kwake Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo.

Jambo moja katika biashara ile linastahili kukumbukwa leo, wakati kila kongamano la uchumi linazungumzia mauzo ya nje. Mkamba aliyewinda ndovu, au jirani yake wa kijiji kimoja, alifika sokoni mwenyewe. Aliijua bei ya Mombasa kwa sababu alisimama Mombasa akabishana. Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na mto Tana, akiwa safarini na Krapf. Miaka hiyo hiyo wafanyabiashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, walikuwa wameanza kupanda bara wenyewe kufuata pembe, na muda si mrefu njia ikawa yao. Tangu hapo Machakos haijawahi kukosa cha kuuza. Kilichopotea ni nafasi ya kukaa mezani bei inapopangwa, na kwa maoni yangu historia yote ya biashara ya nje ya eneo hili, pamoja na kila mpango wa serikali wa kuikuza, inafaa kupimwa kwa kipimo hicho.

Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo Machakos mwaka 1889, katika nchi ya mzee Masaku ambaye mji umebeba jina lake. Kwa miaka kumi Machakos ilikuwa makao makuu ya utawala wa bara, na misafara ya kwenda Uganda ilinunua chakula hapo. Kisha reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikapita kando, kwenye tambarare za Athi, ikafika Nairobi Mei 1899. Afisa John Ainsworth akahamishia ofisi Nairobi mwaka huo huo. Mji ukabaki pembeni mwa reli, na milima ya Mua pamoja na malisho mengi ikaangukia mikononi mwa walowezi. Kahawa na mkonge vilivyopakiwa melini Kilindini vilikuwa vyao. Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa, huku akitakiwa kulipa kodi kwa fedha taslimu.

Jaribio la kwanza kubwa la serikali la kuifanya Machakos iuze nje lilikuja na jina la kuokoa udongo. Mwaka 1937 mtaalamu wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoionyesha Machakos kama nchi inayogeuka jangwa. Serikali ikaamua kwamba ng'ombe wamezidi, lazima wapunguzwe. Wakati huo huo kampuni ya Liebig, iliyokuwa ikiuza nyama ya makopo na mchuzi wa nyama uliokolezwa huko Ulaya, ilikuwa inajenga kiwanda Athi River, na kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu. Mifugo ya Wakamba ikaanza kuhesabiwa, kupigwa chapa na kuuzwa mnadani kwa nguvu. Mtu alimwona fahali aliyekusudiwa mahari ya mwanawe akienda kwa bei ambayo hakuitaja, kwa mnunuzi ambaye hakumchagua.

Wakamba walikataa. Julai 1938, chini ya Muindi Mbingu na Ukamba Members Association, wanaume, wanawake na watoto kwa maelfu walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor na kukaa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha uuzaji wa lazima ulikuwa umesimamishwa. Leo barabara katikati ya Nairobi ina jina lake. Kiwanda kile cha Athi River kilichukuliwa na Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka 1950. Kilifungwa, kikafunguliwa tena mwaka 2006, na mwaka 2020 kikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Huwezi kuelewa kwa nini wafugaji wa huku walichukua muda mrefu kuamini mipango ya nyama inayotoka Nairobi kama hujui habari ya 1938.

Wakati serikali inahangaika na ng'ombe, bidhaa nyingine ilikuwa inakua bila kuombewa kibali. Mutisya Munge wa Wamunyu alichukuliwa katika Vita Kuu ya Kwanza, akafika Tanganyika, na huko akajifunza kuchonga vinyago. Aliporudi nyumbani akaanza kazi, akawafundisha ndugu na majirani, na kizazi kimoja hakikuisha kabla Wamunyu haijawa kijiji cha wachongaji. Watalii na wanajeshi walinunua, kisha wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani wakaanza kuagiza kwa makasha. Wachongaji walijiundia vyama vya ushirika Wamunyu kwenyewe, Nairobi na Changamwe, Mombasa.

Kazi yenyewe ni ya mkono tupu. Gogo hukatwa kwa shoka, umbo hutolewa kwa tezo, macho na masikio ya twiga huchongwa kwa kisu kidogo, kisha msasa, na mwisho rangi ya viatu husuguliwa hadi mti mweupe ung'ae kama mpingo. Mpingo na muhugu vilipoanza kuadimika, wachongaji waligeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Hakuna sheria ya bunge iliyoianzisha biashara hii. Hata hivyo nayo ina jeraha lile lile: twiga anayefika kwenye duka la London hana jina la aliyemchonga, na mchongaji hajui ameuzwa kwa pauni ngapi. Viondo vya mkonge vilivyosukwa na akina mama wa Ukambani vilipita njia hiyo hiyo. Vilipopendwa ng'ambo, viwanda vya mbali vikaanza kuiga kwa mashine, na msukaji akabaki kushindana na mfano wa kazi yake mwenyewe.

Sura inayotia moyo zaidi ni ya kahawa na matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vikundi vya mwethya, desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi za shamba, vilianza kuchimba matuta ya fanya juu. Mtaro huchimbwa kufuata kontua, udongo hutupwa upande wa juu kuwa ukingo, majani hupandwa juu yake, na mvua mbili tatu baadaye mteremko umekuwa ngazi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipowafungulia Waafrika mlango wa kahawa, wakulima wa Machakos waliruhusiwa kupanda kwa sharti la kuchimba matuta kwanza. Safari hii serikali na mkulima walitaka kitu kimoja. Kangundo, Matungulu, Iveti na Mitaboni zikawa nchi ya kahawa, na kahawa ikajenga nyumba za mabati na kulipa karo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki ulionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakapanda. Nchi iliyohukumiwa kufa mwaka 1937 iliokolewa na jembe la mwenyeji aliyekuwa na sababu ya kulima.

Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei, na mwaka 1977 mkulima mdogo wa Kangundo aliona fedha ambazo baba yake hakuwahi kuziota. Haikudumu. Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana masoko ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka. Kenya, iliyovuna takriban tani 129,000 msimu wa 1987/88, siku hizi huvuna kama tani 50,000. Watu waling'oa mibuni, wengine wakauza mashamba kwa wajenzi wa nyumba.

Bei ya dunia peke yake haielezi anguko hilo. Kahawa mbivu lazima ifike kiwandani siku ile ile iliyochumwa, la sivyo inaanza kuchacha. Mkulima huimwaga, akachambua mbichi na zilizoungua, akapanda mizani, akapewa risiti ya kilo. Bei haimo kwenye risiti hiyo. Kahawa inamenywa, inachachuliwa, inaoshwa, inaanikwa juu ya wavu, inapelekwa kwa mkoboaji, kisha kwa wakala, kisha mnadani Nairobi, na kila anayeigusa anakata chake kabla hajaulizwa. Kwa miaka mingi mkulima alisubiri miezi kujua amepata shilingi ngapi kwa kilo. Mfumo wa malipo ya moja kwa moja ulioanza mwaka 2023, ambapo fedha za mnada hugawanywa benki na fungu la mkulima likaenda kwake, ni hatua njema. Imechelewa miaka thelathini, lakini ni njema.

Huko Nairobi mipango ya kukuza mauzo ya nje ilifuatana. Mwaka 1974 bunge lilipitisha sheria ya kuwafidia wanaouza nje bidhaa za viwandani. Wazo halikuwa baya, lakini mwanya wake ndio uliotumiwa na kashfa ya Goldenberg mapema miaka ya 1990, ambapo hazina ililipa mabilioni kwa dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo za kuuza kwa kiasi hicho. Tume ya Jaji Bosire iliyachimbua hayo hadharani. Export Promotion Council iliundwa mwaka 1992, na mwaka 2019 ikaunganishwa na Brand Kenya kuwa wakala mmoja.

Mpango ulioigusa Machakos moja kwa moja ni wa maeneo maalum ya viwanda vya kuuza nje, EPZ, kwa sheria ya 1990. Lililo kubwa kati ya yale ya serikali liko Athi River. Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, ikiruhusu nguo za Afrika kuingia bila ushuru, Athi River ilijaa cherehani. Alfajiri wasichana kwa wavulana hupanga foleni getini wakingoja kuitwa kibarua, na ndani mstari mzima hushona mfuko mmoja wa suruali ya jinzi kutwa nzima. Kazi hizo zimelisha familia nyingi, na si haki kuzibeza. Lakini kitambaa kinatoka Asia. Ukambani ni nchi ya pamba, na pamba yake ilikuwa inakufa miaka ile ile cherehani zilipoanza kulia. Mgao wa dunia wa nguo, uliobana mauzo ya Asia, ulipokwisha mwishoni mwa 2004, baadhi ya viwanda vilifunga. Muda wa AGOA ulipofika ukingoni tarehe 30 Septemba 2025, maelfu ya wafanyakazi waligeuza macho kwenye bunge la Washington, ambalo hawalipigii kura.

Maembe yana kisa chao. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ngozi ya embe na kutaga chini yake, na tunda linaloonekana zima huwa na funza ndani. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya kabla haijafukuzwa, na ilichukua hadi 2021 kurudi. Katika miaka hiyo maembe ya Machakos na Makueni yaliuzwa kwa madalali waliokuja na lori na kutaja bei chini ya mti, au yaliozea hapo hapo.

Mwaka 2023 mauzo ya nje ya Kenya yalivuka shilingi trilioni 1 kwa mara ya kwanza, huku bidhaa tulizonunua nje zikiwa takriban trilioni 2.6. Mkataba na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Desemba 2023 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Eneo Huru la Biashara la Afrika limefunguliwa, na saruji ya Athi River inavuka mipaka. Hizi ni kazi za kweli za serikali na nazitambua. Mkataba hufungua mlango wa bandari, ila hausemi ni nani atakayekaa mezani bei inapopangwa.

Kwa hiyo maombi yangu ni machache, na nayaelekeza kwa serikali ya kaunti kabla ya Nairobi. Jengeni mahali pa kutibu maembe kwa maji moto na pa kuyahifadhi baridi, karibu na wakulima. Rudisheni pamba, na kiwanda cha kuichambua kiwe huku huku, ili jinzi ya Athi River itokane na pamba ya Ukambani. Nanyi wanachama wa vyama vya ushirika, nendeni kwenye mkutano mkuu wa mwaka mkadai karatasi ya mauzo ya mnada: bei ya kila gunia, tarehe, jina la mnunuzi na kila shilingi iliyokatwa. Ni haki yenu, na msitoke ukumbini bila kuisoma.