Pemba: Kisiwa Kilichoilisha Mombasa

Ndugu msomaji, jioni ya leo futari ikishapangwa, hebu itazame sinia vizuri kabla ya adhana. Muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, na pilau ikiwa nyumba imejaaliwa. Twala tu, hatuulizi vyatoka wapi. Lakini kila chakula kina safari yake, na ukitaka kuzifahamu safari hizo, funga mzigo twende Pemba.

Pemba iko kaskazini ya Unguja, kama kilomita 50 kutoka bara. Waarabu walikiita Al-Jazira Al-Khadhraa, kisiwa cha kijani. Ukishuka bandarini Mkoani ukapanda gari la kwenda Chake Chake na Wete, utajua kwa nini. Barabara yapanda vilima na kushuka mabondeni. Juu kumesimama mikarafuu na minazi, chini bondeni ni mpunga. Wakati wa msimu karafuu huanikwa juani kwenye majamvi, hata pembeni mwa barabara, na harufu yake hukupokea kabla ya wenyeji.

Usidhani ni kisiwa cha juzi. Karibu mwaka 916 msafiri Al-Masudi alifika mahali alipopaita Qanbalu, akakuta Waislamu wakiishi hapo. Wanahistoria wengi waona kwamba Qanbalu ni Pemba. Huko Ras Mkumbuu hadi leo kuna magofu ya msikiti wa kale. Na kule Pujini kuna mabaki ya ngome ya karne ya 15 ambayo wenyeji huinasibisha na Mkama Ndume, mtawala anayesimuliwa kwa ukali wake.

Sasa sisi wa Mombasa tunaingia wapi? Kwa tumbo! Kwa karne nyingi Pemba ilikuwa ghala letu. Mchele ulipakiwa majahazini ukaja kulisha mji. Katika karne ya 18 Wamazrui waliotawala Mombasa waliishika Pemba, na walijua wanachokishika. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Sayyid Said wa Oman aliwanyang'anya kisiwa hicho. Mji uliopoteza ghala lake huwa umeanza kupoteza nguvu zake. Mwaka 1837 Mombasa nayo ikaanguka mikononi mwake.

Kisha ikaja karafuu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, lakini ya Pemba nyingi ikanusurika. Bei ikapanda, na kila mwenye uwezo akakimbilia kupanda karafuu Pemba. Kisiwa kilichokuwa kikiuza mchele kikaanza kuununua.

Hapa, kijana mwenzangu, tusifiche jambo. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, watu waliotekwa bara na kuvushwa baharini. Hata baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku biashara hiyo baharini, majahazi yaliendelea kuwaleta kwa siri. Na wengi wa waliowamiliki walikuwa Waislamu, watu waliofunga Ramadhani kama sisi, wa dini inayohesabu kumwacha mtumwa huru kuwa ni ibada. Amri ya kufuta utumwa Zanzibar ilitoka mwaka 1897, na hata hapo fidia walipewa mabwana. Aliyechuma karafuu hakupewa kitu. Hatukukuwepo, kweli, lakini kuyajua ni wajibu wetu. Historia ya kujisifu peke yake si historia.

Basi turudi mezani. Muhogo ule asili yake ni Amerika, ukaletwa Afrika na Wareno. Bado ukipikwa na nazi husemi ni mgeni. Ukialikwa futari Pemba utaukuta, pamoja na ndizi mbichi, viazi vikuu, shelisheli, pweza wa nazi na mkate wa kumimina. Kile ambacho Mombasa twaita kaimati, huko utasikia kalimati. Jina lapishana kidogo, sukari ni ile ile.

Wala Wapemba si wageni kwetu. Wavuvi wao wameishi Kwale na Kilifi kwa vizazi, wengi walikuwa bila vitambulisho, hawakuweza kufungua akaunti ya benki wala kuajiriwa rasmi. Ni mwaka 2023 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa mojawapo ya jamii za nchi hii. Fikiria basi: kisiwa kilichowalisha babu zetu, na watoto wake wakakaa miaka yote hiyo kwetu wakihesabiwa wageni.

Kwa hivyo ukijaaliwa nauli, usiishie ufukweni kupiga picha. Ingia mashamba, salimia wazee kwa heshima, kaa jamvini, uliza. Na kama nauli hakuna, anza na jirani yako Mpemba, mpelekee sahani ya futari. Halafu ukitia punje ya karafuu kwenye pilau ya Idi, kumbuka mkono ulioichuma, wa jana na wa leo. Ramadhani njema.