Usonji: Asiyeitikia salamu si lazima awe amekosa adabu

RULENGE, NGARA

Katika mji mdogo wa Rulenge, kama kwingineko nchini, mtoto asiyemwamkia mkubwa huhesabiwa upesi kuwa hana adabu, na mama yake huulizwa amemleaje. Kwa mtoto mwenye usonji, hukumu hiyo mara nyingi ni ya makosa. Salamu ameisikia, ila namna yake ya kujibu ni nyingine.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza mapema maishani. Si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Mwaka 1943 Dk. Leo Kanner, akiwa Marekani, alieleza habari za watoto 11. Kati yao wanane walipata kusema na watatu hawakusema. Wale waliosema walikuwa na desturi ya kurudia maneno ya wengine kama yalivyo.

Kwa Kiswahili jambo hilo husikika wazi. Mtoto akiambiwa, "Sema shikamoo," hujibu, "Sema shikamoo." Aliyezoea kuulizwa, "Unataka chai?" huweza kusema, "Unataka chai," akimaanisha kwamba ni yeye anayeitaka. Wengi hudhani anadhihaki. Hata hivyo, mwaka 1981 watafiti Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha kuwa marudio hayo yana kazi: kuomba, kukubali, au kushika zamu katika mazungumzo.

Wengine husema vizuri lakini huyachukua maneno kama yalivyo. Akiambiwa jirani ana mkono wa birika, huenda akautazama huo mkono. Akiulizwa, "Unaweza kunipa maji?" hujibu "Ndiyo" na kubaki ameketi.

Suala la macho nalo linahitaji uangalifu. Vitabu vya Ulaya huhesabu kutotazamana usoni kuwa dalili mojawapo. Kwetu mtoto huinamisha macho kwa heshima, hivyo dalili hiyo peke yake haitoshi.

Aidha, watoto wengi wa Ngara husikia Kihangaza au Kishubi nyumbani na Kiswahili darasani. Wapo wazazi wanaoshauriwa kuiacha lugha ya nyumbani. Tafiti hazijaonyesha kuwa lugha mbili humdhuru mtoto mwenye usonji, na kumnyima lugha ya bibi yake ni kumpunguzia watu wa kuzungumza nao.

Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana huko ni kwa pande zote mbili. Utafiti wa Catherine Crompton na wenzake, uliotolewa mwaka 2020, ulikuta kwamba watu wenye usonji wanapopashana habari wao kwa wao, habari hufika sawa na kwa watu wengine.

Kwa anayezungumza na mtoto wa namna hii, maneno machache ya moja kwa moja hufaa kuliko mafumbo. Uliza jambo moja, kisha subiri. Kurudia swali kwa ukali kabla hajajibu humlazimu kuanza upya kulitafakari. Asiyesema kabisa anaweza kuonyesha picha au kukushika mkono akupeleke kwenye mtungi.