Bitcoin, OneCoin na malumbano ya wafuasi: somo kwa wafanyabiashara wa Base Camp na Mbarara

Wafanyabiashara na wasafirishaji wa magharibi mwa Uganda wamesikia habari za sarafu za mtandaoni kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Wengine walielezwa kwamba Bitcoin itaondoa benki. Wengine waliuziwa OneCoin kwa maelezo kwamba ndiyo itakayoizika Bitcoin. Kila upande uliuita upande wa pili matapeli, na mtu wa kawaida akabaki njia panda.

Makala haya yanaeleza malumbano hayo yalikoanzia, jinsi yalivyofika vijiji vya jirani na Nakivale, na mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha.

ENEO LENYEWE

Base Camp ni kitovu cha utawala na biashara cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Tangu hapo yamepokea pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Mji mkubwa wa karibu ni Mbarara. Bidhaa za dukani hutoka huko, na mahindi na maharage ya wakulima wa makazini hurudi huko kwa lori.

Mbarara nayo ni mji wa njia. Malori kutoka Kampala hupita hapo kwenda Katuna na Mirama Hills, mpakani na Rwanda. Upande wa kusini, wilaya ya Isingiro inapakana na Tanzania.

Katika eneo kama hili fedha husafiri kwa njia tatu kubwa: taslimu mfukoni mwa mtu, hawala ya Wasomali, na pesa kwa simu, huduma ambayo MTN iliianzisha Uganda mwaka 2009. Kila njia ina gharama yake au hatari yake. Julai 2018 serikali ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye pesa kwa simu, kisha ikaipunguza hadi asilimia 0.5 kwa kutoa fedha baada ya wananchi kulalamika. Kwa hiyo anayekuja na habari ya fedha inayovuka mpaka bila benki hakosi wa kumsikiliza.

BITCOIN ILIVYOANZA

Tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto kilitoa andiko la kurasa 9 lililoeleza fedha ya kielektroniki isiyo na benki katikati. Mtandao wenyewe ulianza kufanya kazi Januari 3, 2009.

Kiini chake ni daftari la pamoja. Kila muamala huandikwa humo, na nakala za daftari hilo ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Mtu yeyote anaweza kulisoma na kulikagua bila kuomba ruhusa. Idadi ya sarafu haitazidi milioni 21.

Mwanzoni wapenzi wa Bitcoin walikuwa wachache, wengi wao mafundi wa kompyuta, na sarafu yao haikuwa na thamani kubwa. Mei 22, 2010, mmoja wao huko Florida, Marekani, alitoa bitcoin 10,000 na kupata piza mbili.

Satoshi aliacha kuonekana hadharani mwishoni mwa 2010. Aliowaachia kazi hawakuwa na mkuu, na hapo ndipo mivutano ilipopata nafasi. Mwaka 2011 ilitokea Litecoin, sarafu iliyotengenezwa kwa kunakili programu ya Bitcoin na kuibadilisha kidogo. Baada yake zilifuata mamia ya sarafu nyingine, kila moja na wafuasi waliodai yao ni bora.

UGOMVI MKUBWA: LORI LIPAKIE KIASI GANI?

Ugomvi uliowagawa zaidi ulihusu kiasi cha miamala kinachoweza kuandikwa kwa mara moja. Msafirishaji atauelewa haraka. Chukua mfano wa lori moja linaloondoka kila dakika 10, na uzito wake umewekewa kikomo. Mizigo ikizidi, anayelipa nauli kubwa ndiye anayepakiwa kwanza. Wengine wanasubiri.

Bitcoin ilikuwa hivyo. Kila baada ya dakika kama 10 ukurasa mpya huongezwa kwenye daftari, na tangu 2010 ukurasa huo ulikuwa na kikomo cha megabaiti 1. Hiyo ni kama miamala 7 tu kwa sekunde, dunia nzima.

Kundi la kwanza lilitaka kikomo kiongezwe ili nauli ishuke na watu wengi waweze kulipana. Miongoni mwao walikuwa Gavin Andresen na Mike Hearn, waliotoa programu iitwayo Bitcoin XT mwaka 2015. Kundi la pili lilikataa. Lilisema kurasa zikiwa kubwa mno, kulitunza daftari kutahitaji kompyuta za bei ghali, na mwisho wake daftari litaangukia mikononi mwa kampuni chache.

Malumbano hayo yalichukua zaidi ya miaka miwili. Watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja waliitana wasaliti. Maoni ya upande mmoja yalifutwa na wasimamizi wa upande wa pili. Januari 2016 Hearn alijitoa na kutangaza kwamba mradi umeshindwa. Mei 2017 kampuni zaidi ya 50 zilikubaliana mjini New York kuongeza kikomo, lakini Novemba mwaka huohuo mpango ulifutwa kwa sababu watumiaji wengi hawakuukubali.

Agosti 1, 2017, waliotaka kurasa kubwa walijitenga na kuanzisha Bitcoin Cash yenye kikomo cha megabaiti 8. Aliyekuwa na bitcoin 1 siku hiyo alijikuta na sarafu 1 ya kila upande. Novemba 2018 Bitcoin Cash yenyewe iligawanyika tena.

Upande wa Bitcoin ya zamani, nauli ilipanda kweli. Desemba 2017 wastani wa ada ya muamala mmoja ulivuka dola 50. Mwenye duka anayetaka kulipia katoni chache za sabuni asingeweza kuitumia njia hiyo.

Pamoja na matusi yote, jambo moja lilikuwa wazi. Hakuna aliyeweza kubadili kanuni peke yake: si mwanzilishi, si fundi, si kampuni 50 kwa pamoja. Kila hatua ya ugomvi ilifanyika mbele ya macho ya watu, na daftari lilibaki wazi kwa kila mmoja kulihesabu.

ONECOIN YAFIKA MAGHARIBI MWA UGANDA

OneCoin ilianzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova na Karl Sebastian Greenwood, makao yake yakiwa Sofia, Bulgaria. Haikuuzwa kama sarafu moja moja. Mtu alinunua kifurushi cha masomo, kuanzia takriban euro 100 hadi zaidi ya euro 100,000, akapewa haki ya kupata sarafu. Akileta wanunuzi wengine alipata kamisheni.

Mauzo yake yalijengwa juu ya sifa ya Bitcoin. Waliokosa kununua Bitcoin ilipokuwa rahisi waliambiwa hii ndiyo nafasi ya pili. Juni 2016, kwenye ukumbi wa Wembley jijini London, Ignatova aliwaahidi maelfu ya wafuasi kwamba baada ya miaka miwili hakuna atakayeizungumzia Bitcoin tena.

Uganda haikuachwa nyuma. Uchunguzi wa BBC uliotangazwa mwaka 2019 uliwafikia waathirika katika eneo la Ntungamo, wilaya ya migomba inayopakana na Isingiro. Mawakala waliwafuata wakulima vijijini, na baadhi ya watu waliuza mifugo, ardhi hata nyumba ili wanunue vifurushi. Wengi waliingizwa na watu waliowafahamu. Ndugu alimwingiza ndugu na rafiki akamwingiza rafiki, na hasara ilipokuja iliingia ndani ya familia na undugu ukaharibika.

Benki Kuu ya Uganda ilitoa onyo dhidi ya OneCoin Februari 2017, ikieleza kwamba haina leseni. Oktoba 2017 Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens na hakuonekana tena. Juni 2022 FBI ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya watu 10 inaowasaka zaidi. Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mjini New York Septemba 2023. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema zaidi ya dola bilioni 4 zilichukuliwa.

NENO "MAHASIDI" LILIVYOFANYA KAZI

Wapenzi wa Bitcoin walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitilia shaka OneCoin. Walichouliza ni kitu kimoja: daftari liko wapi tulikague?

Oktoba 2016 fundi wa Norway, Bjorn Bjercke, alipigiwa simu na kupewa nafasi ya kazi ya kuijengea kampuni ya Bulgaria mfumo wa daftari kama la Bitcoin. Alipojua kwamba kampuni yenyewe ni OneCoin alishtuka. Kampuni hiyo ilikuwa tayari inauza sarafu, lakini haina daftari linaloziwezesha kuwepo. Aliikataa kazi hiyo na kusema hadharani. Baadaye alieleza kwamba alitishiwa kuuawa.

Wafuasi wa OneCoin walikuwa wamefundishwa jibu. Kila aliyeuliza aliitwa hasidi, mtu wa Bitcoin anayeogopa kupoteza soko. Kwa kuwa malumbano kati ya sarafu na sarafu yalijulikana kila mahali, jibu hilo liliaminika. Mtu aliyewekeza fedha ya mavuno aliyachukua maonyo kama wivu wa washindani tu.

Tofauti ya mambo hayo mawili inaonekana kwenye kanuni. Wafuasi wa Bitcoin walivutana zaidi ya miaka miwili juu ya kikomo cha megabaiti 1. Mwaka 2016 OneCoin ilipandisha idadi ya sarafu zake kutoka bilioni 2.1 hadi bilioni 120 kwa tamko la viongozi, na wanachama wakaongezewa mara mbili sarafu kwenye akaunti zao. Hakukuwa na ugomvi. Watu walishangilia. Bei nayo iliwekwa na kampuni yenyewe. Ilipanda kutoka senti 50 za euro hadi euro 29.95 kufikia Januari 2019, haikushuka hata mara moja, na wakati huo soko la ndani la kuuzia sarafu hizo lilikuwa limefungwa tangu Januari 2017.

Hii haina maana kwamba Bitcoin ni salama kwa mtaji. Februari 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo lilifilisika baada ya kutangaza kupotea kwa bitcoin zipatazo 850,000. Bei ya bitcoin 1 ilikaribia dola 20,000 Desemba 2017, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa kama dola 3,200. Daftari la wazi humwezesha mtu kujua kwamba sarafu ipo. Halimhakikishii bei ya kesho, wala halimrudishii alichoibiwa.

SERIKALI ZILISEMAJE

Oktoba 2019 Wizara ya Fedha ya Uganda ilitangaza kwamba haitambui sarafu hizo kuwa fedha halali na kwamba anayezinunua hana kinga ya serikali. Kampuni ya Binance ilikuwa imefungua soko la kubadilisha shilingi ya Uganda mwaka 2018, lakini ililifunga mwaka 2020.

Aprili 2022 Benki Kuu iliziandikia kampuni zenye leseni za malipo kuzikataza kusaidia kubadilisha sarafu za mtandaoni kuwa pesa kwa simu au kinyume chake. Katazo hilo lilipingwa Mahakama Kuu, na mwaka 2023 mahakama iliitupa kesi hiyo.

Kwa jirani, kampuni ya BitPesa iliyoanzia Nairobi mwaka 2013, ikitumia Bitcoin kupeleka malipo ya biashara kuvuka mipaka, ilikatiwa njia ya M-Pesa mwaka 2015 na kushindwa kuirudisha kupitia mahakama. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo Desemba mwaka huo. Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku matumizi hayo Novemba 2019. Kenya ilipitisha sheria ya kuwapa leseni watoa huduma hizo mwaka 2025.

Kanuni hazifanani kati ya nchi na nchi. Anayelipwa kwa sarafu upande mmoja wa mpaka aulize kwanza kama ataweza kuibadilisha kihalali upande wa pili.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Daftari liko wapi? Kama sarafu ni ya kweli, mtu asiye mwanachama anaweza kuuona muamala na kuufuatilia.

2. Bei inapangwa na nani? Bei ya soko hupanda na kushuka. Bei inayopanda tu imepangwa na muuzaji.

3. Naweza kutoa leo? Jaribu kwa kiasi kidogo, na uhesabu umefanikiwa pale tu shilingi zinapofika mkononi. Namba zinazoongezeka kwenye simu si fedha.

4. Faida inatoka wapi? Kama inategemea kuingiza watu wapya, wa mwisho kuingia ndiye anayelipia.

5. Nani anashika ufunguo wa siri? Ukiwa kwa wakala, sarafu ni za wakala.

6. Anayeuliza anajibiwaje? Swali la hesabu likijibiwa kwa kuitwa hasidi au msaliti, hilo ni jibu tosha.

Hawala ya Base Camp huenda kwa uaminifu, lakini uaminifu huo hupimwa kila siku, kwa kuwa mpokeaji hupata fedha yake au hakosi kulalamika sokoni. Sarafu ya mtandaoni nayo ipimwe kwa kipimo hichohicho, hata kama anayeileta ni ndugu, jirani au mteja wa miaka mingi. Mtaji wa kununulia mahindi ya msimu ukishatolewa kwa sarafu isiyobadilishika, msimu hausubiri.