Mashauriano ya Wakuu na Waalimu katika Vyuo vya Jumuiya vya California

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii ni kweli, lakini huacha swali moja bila jibu. Katika maji yenye miamba nahodha ndiye mwenye chombo, na rubani ndiye aijuaye njia. Wanapohitilafiana, neno la nani lifuatwe? Swali la namna hiyo limetawala historia ya vyuo vya jumuiya katika jimbo la California, Marekani. Kila chuo kina Mkuu wake na wasaidizi wake, wasimamizi wa idara, na baraza la waalimu. Na juu yao iko halmashauri ya wadhamini waliochaguliwa na wakazi wa wilaya. Kila mmoja wa hawa ana sehemu katika uongozi wa elimu, wala hapana awezaye kuongoza peke yake. Mgawanyo huo wa madaraka haukuletwa na mapenzi wala na bahati. Uliandikwa katika sheria, neno baada ya neno, na kila neno lilipobadilika, hali ya vyuo ilibadilika pamoja nalo.

Chuo cha jumuiya ni chuo cha miaka miwili kilichowekwa kwa ajili ya watu wa wilaya moja. Hutayarisha wanafunzi waendao chuo kikuu, hufundisha kazi za mikono, za hospitali na za afisi, na hupokea watu wazima waliokosa elimu walipokuwa vijana. Chanzo chake ni mji wa Joliet katika jimbo la Illinois. Mwaka 1901 William Rainey Harper, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, na J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya Joliet, walikubaliana kwamba masomo ya miaka miwili ya kwanza ya chuo kikuu yaweza kufundishwa katika shule hiyo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 6. California ilifuata kwa sheria ya mwaka 1907 iliyoziruhusu shule za sekondari kufundisha masomo ya daraja hiyo, na Fresno ikawa ya kwanza kuitumia ruhusa hiyo, mwaka 1910. Mwaka 1917 serikali ya jimbo ilianza kusaidia kwa fedha, na mwaka 1921 sheria nyingine iliruhusu chuo kuwa na wilaya yake mbali na ya shule. Modesto ilikuwa ya mbele katika kuifuata sheria hiyo.

Basi vyuo hivi vilizaliwa katika nyumba ya shule ya sekondari, na mtoto hurithi desturi za nyumba alimozaliwa. Mkuu wa shule alikuwa ndiye mwenye amri: somo lipi lifundishwe, na nani, na saa ngapi. Mwalimu alikuwa mtu wa kutimiza. Katika jimbo hilo hilo Chuo Kikuu cha California kilishika njia nyingine. Mwaka 1920 baraza la wanazuoni wake lilipewa madaraka makubwa juu ya masomo na juu ya sharti za kupokea wanafunzi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesoma hesabu Modesto na yule aliyesoma hesabu Berkeley waliweza kusoma jambo moja, lakini waalimu wao hawakuwa na sauti moja katika kuliamua.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia tofauti hiyo ilizidi kuonekana. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia elimu askari waliorudi, nao wakajaa vyuoni. Mwaka 1947 tume iliyowekwa na Rais Truman, chini ya uongozi wa George Zook, ilisifu vyuo vya aina hii na kulieneza jina la vyuo vya jumuiya. Mwaka 1960 California ilipanga elimu yake yote ya juu katika mafungu matatu. Chuo Kikuu kilipewa kuchagua kutoka sehemu moja katika nane ya wanafunzi bora wa sekondari. Vyuo vya jimbo kutoka sehemu moja katika tatu. Na vyuo vya miaka miwili viliambiwa viache mlango wazi kwa kila awezaye kufaidika na mafundisho. Vikawa, kwa maneno ya mpango huo, sehemu ya elimu ya juu. Kwa matendo, hata hivyo, vilibaki chini ya halmashauri ile ile iliyosimamia shule za watoto.

Waalimu ndio waliosumbuliwa kwanza na hitilafu hiyo. Mwaka 1963 bunge la jimbo lilipitisha azimio la kutaka kila chuo kiwe na baraza la waalimu, lenye kuwawakilisha katika kutunga siasa ya mambo ya elimu na ya kazi yao. Baraza lilipata haki ya kusema. Halikupata haki ya kujibiwa. Miaka miwili baadaye, sheria ya mwaka 1965, ijulikanayo kwa jina la Winton, iliwapa wafanyakazi wa shule na vyuo haki ya kukutana na waajiri wao na kuzungumza nao. Maneno hayo yapimwe vizuri: watu waweza kukutana na kuzungumza kutwa nzima, kisha mwenye nguvu akafanya alilolikusudia tangu asubuhi, na sheria isiwe imevunjwa. Mwaka 1967 sheria nyingine iliunda Halmashauri ya Magavana ya vyuo hivi, nayo ikaanza kushika usimamizi mwaka 1968. Sasa vyuo vilikuwa na nyumba yao wenyewe, lakini ndani ya nyumba hiyo bado haikujulikana nani akae wapi.

Sheria ya Rodda ya mwaka 1975 ilileta neno la pili, yaani kupatana masharti ya kazi kwa mkataba. Tangu hapo vyama vya wafanyakazi vilipewa mshahara, saa za kazi na mambo yafananayo na hayo, na mabaraza yakaachiwa elimu. Mpaka huo ni rahisi kuuandika na mgumu kuufuata. Idadi ya wanafunzi darasani ni jambo la mkataba kwa mujibu wa sheria hiyo. Papo hapo ni jambo la elimu, maana mwalimu wa insha mwenye wanafunzi 40 hasahihishi kama mwenye 20. Mkuu wa Chuo alijikuta akiwasikiliza watu wale wale katika vyumba viwili: katika chumba kimoja ni wenzake katika elimu, katika cha pili ni upande wa pili wa mkataba.

Mwaka 1978 ulikuja mgeuko wa fedha. Wapiga kura wa California waliipunguza kodi ya majumba na ardhi mpaka asilimia 1 ya thamani, na kodi hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo kubwa la vyuo. Mfuko ulihamia Sacramento, mji mkuu wa jimbo, na maamuzi mengi yakaufuata. Mwaka 1984 wanafunzi, ambao kwa muda mrefu hawakutozwa ada ya masomo, walianza kulipa dola 5 kwa kila kipimo cha somo. Wadhamini wa wilaya walibaki na cheo cha kuchaguliwa na watu, lakini kodi waliyokuwa wakiipanga haikuwa tena mikononi mwao.

Katika hali hiyo ndipo ilipotungwa sheria ya mwaka 1988, iliyotiwa sahihi na Gavana George Deukmejian. Iliviondoa vyuo katika desturi nyingi za shule, ikiwemo ile ya hati za kufundishia zilizotolewa na jimbo. Pia iliiagiza Halmashauri ya Magavana iweke kanuni za kuwahakikishia waalimu, watumishi na wanafunzi nafasi katika uongozi. Kanuni hizo zilitoka mwaka 1990. Zilitaja mambo 10 ambayo wadhamini hawana budi kushauriana na baraza la waalimu juu yake, miongoni mwao mpango wa masomo, masharti ya shahada, utoaji wa alama, maandalizi ya wanafunzi, na njia za kutengeneza mipango na makadirio ya fedha. Fungu la 11 liliacha nafasi kwa jambo jingine lolote la elimu watakalopatana.

Uzito wa kanuni hizo umo katika maana zilizolipa neno kushauriana. Kila wilaya ilitakiwa kuchagua, kwa kila jambo, moja katika njia mbili. Katika njia ya kwanza wadhamini hutegemea hasa shauri la baraza. Shauri hilo kwa kawaida hukubaliwa; likikataliwa, ni kwa sababu ya pekee na yenye nguvu, na baraza likitaka, sababu hiyo huandikwa. Katika njia ya pili pande zote hutafuta mapatano. Yasipopatikana, siasa ya zamani hubaki, isipokuwa pale ambapo kuiacha kungeleta hatari ya sheria au hasara kubwa ya fedha.

Hapa Kiswahili chaweza kuonyesha lililofichika katika Kiingereza cha kanuni hizo, kilichokusanya vitendo viwili chini ya jina moja. Mwenye kutaka shauri huuliza, huambiwa, kisha huamua mwenyewe. Wenye kushauriana hupeana maneno, kama kiambishi cha kutendana kinavyoeleza, bali bado haikusemwa nani mwenye kukata neno. Wenye kupatana hawawezi kukata neno ila pamoja. Sheria ya mwaka 1965 iliishia katika kuzungumza. Kanuni za mwaka 1990 ziligawanya kazi kati ya kutaka shauri na kupatana, zikaongeza sharti ambalo halikuwamo katika lolote la maneno hayo: anayekataa atoe sababu. Sharti hilo dogo ndilo lililolipa shauri la waalimu uzito.

Faida yake huonekana katika safari ya mwanafunzi. Somo jipya huandikwa na mwalimu, hupimwa na idara, huchunguzwa na kamati ya masomo, kisha hupelekwa kwa wadhamini. Kiungo kimoja kikilegea, mwanafunzi huweza kumaliza miaka miwili na kuambiwa na chuo kikuu kwamba sehemu ya masomo yake haihesabiwi. Ili kuzuia hasara hiyo, sheria ya mwaka 2010 iliagiza vyuo viwe na shahada ya vipimo 60 itakayompa mwenye nayo nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo. Bunge liliamuru, waliotunga mifano ya masomo yenyewe ni waalimu wa pande zote mbili, waliokaa meza moja.

Lakini mashauriano yana gharama, nayo ni muda. Kwa miaka mingi wanafunzi wengi walipewa mtihani wa kuingilia, wakapelekwa katika madarasa ya marudio ya Kiingereza na hesabu, na wengi hawakufika katika masomo ya daraja ya chuo kikuu. Maandalizi ya wanafunzi yalikuwa katika yale mambo 10. Mwaka 2017 bunge halikungoja tena. Liliamuru vyuo vitumie alama za sekondari katika kuwapanga wanafunzi, na vikuze kadiri iwezekanavyo uwezekano wa wao kumaliza masomo hayo ndani ya mwaka mmoja. Wako waalimu waliolalamika kwamba haki yao imechukuliwa; wako wengine walioiunga mkono sheria hiyo kwa ajili ya wanafunzi wao. Vyovyote iwavyo, madaraka yasiyotumika kwa wakati huhama.

Leo California ina vyuo vya jumuiya 116 katika wilaya 73, na katika kila kimoja Mkuu na baraza bado huulizana jambo hili liko katika njia ya kwanza au ya pili. Kuulizana huko si dalili ya udhaifu. Palipokuwa na amri ya mtu mmoja hapakuwa na swali, wala mwalimu hakuwa na pa kusemea. Nahodha na rubani waweza kukaa chombo kimoja, ikiwa kabla ya kung'oa nanga imejulikana ni maji gani ya nani, na ikiwa yule asiyelifuata neno la mwenzake atawajibika kueleza kwa nini.