Gari Gumu Kuwaka na Harufu ya Petroli: Historia ya Ufundi Magari Kilwa na Lindi

Gari la petroli linalokataa kuwaka huku likinuka mafuta lina kasoro moja kati ya tatu: mafuta yanaingia kwenye injini kupita kiasi, yanavuja nje ya njia yake, au yanafika sawasawa lakini hayapati cheche ya kuyachoma. Petroli huungua vizuri ikichanganyika na hewa yenye uzito wa karibu mara 14.7 ya uzito wake. Mafuta yakizidi sana, plagi hulowa, cheche hufa, na kila stata inayopigwa huongeza mafuta mapya juu ya yale ambayo hayajaungua. Kanuni hiyo haibadiliki kutoka nchi hadi nchi. Lakini jinsi mafundi wa Kilwa na Lindi walivyozoea kuisaka kasoro ina historia yake, kwa sababu waliisaka mahali ambapo barabara ilikatika kila masika, hewa ya bahari ilikula vyuma, na spea ilikuwa mbali.

Magari yalianza kuonekana kwa wingi pwani hiyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Kilwa na Lindi Septemba 1916 wakaifanya miji hiyo vituo vya kusonga bara. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo mizigo mingi ilibebwa na wapagazi, na mingine kwa magari, yakiwemo ya Ford. Ford ya Model T haikuwa na pampu ya mafuta. Petroli iliteremka yenyewe kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta, hivyo mlima ulipokuwa mkali na tangi liko karibu tupu, dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Gari la namna hiyo likigoma kuwaka, mahali pa kutazama palikuwa pachache: bomba, kabureta, koili na plagi. Mtu aliyezoea kutengeneza baiskeli aliweza kuuelewa mfumo wote kwa muda mfupi.

Baada ya vita, Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ya Mtwara kuchukua nafasi hiyo. Malori yalisomba mkonge kutoka mashamba kama ya Kikwetu, na ufundi ulijifunzwa kwenye karakana za serikali, za mashamba na za misheni, hasa Ndanda. Kisha ukaja mradi wa karanga. Kuanzia 1947 Waingereza walipeleka Nachingwea matrekta na malori, mengi yakiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili, na shehena ikapitia Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi. Mradi ulivunjwa 1951 na karanga hazikulipa kitu. Hata hivyo karakana zake zilikuwa zimewazoeza vijana wa kusini kufungua injini za kila aina, na injini zile zilifika zikiwa tayari zimechoka. Shule ya kutafuta ubovu iliyo bora kuliko karakana hizo haikuwahi kufunguliwa sehemu zile, ingawa hakuna aliyezikusudia ziwe shule.

Gari lililotawala miongo iliyofuata ni Land Rover, hasa ile ya injini ya petroli ya lita 2.25. Za mwanzo zilikuja na kabureta ya Solex, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja ya Zenith. Zenith ilikuwa na ugonjwa wake unaojulikana: sehemu zake mbili zilipinda pale boliti zilipokazwa kupita kiasi, mafuta yakapenya katikati, na gari likawa gumu kuwaka likiwa na moto. Dawa yake haikuhitaji spea. Msasa ulilazwa juu ya kioo, uso wa kabureta ukasuguliwa taratibu mpaka ukanyooka.

Hapo ndipo utaratibu wa uchunguzi ulipokomaa. Swali la kwanza la fundi halikuwa la chombo chochote, lilikuwa la wakati: gari linagoma asubuhi likiwa baridi, au linagoma likizimwa kidogo baada ya safari? Linalogoma baridi huku likinuka hushukiwa choki iliyonata, plagi chafu au cheche dhaifu. Linalogoma likiwa na moto hushukiwa kabureta inayofurika, au petroli iliyochemka ndani yake baada ya injini kuzimwa, jambo la kawaida katika joto la pwani. La pili lilikuwa mahali pa harufu. Harufu kwenye ekzosi pamoja na moshi mweusi humaanisha mafuta yamepita ndani bila kuungua vizuri. Harufu chini ya boneti humaanisha kabureta, pampu au mpira wa mafuta. Harufu nyuma ya gari humaanisha tangi. La tatu ni hatua ambayo wengi huiruka hadi leo: kuchomoa kijiti cha oili na kukinusa. Diaframu ya pampu ya mafuta ikipasuka, petroli huteremka kwenye oili, kipimo cha oili hupanda badala ya kushuka, na injini inayoendeshwa hivyo husaga beringi zake kwa oili iliyolegea.

Kabureta iliyofurika ilimpeleka fundi kwenye floti na sindano yake. Floti ya shaba iliyotoboka huzama, sindano haifungi, na petroli hufurika. Fundi aliitikisa karibu na sikio asikie kama ina mafuta ndani, au aliizamisha kwenye maji ya moto atazame mapovu yanatokea wapi, kisha akaziba tundu kwa risasi kidogo. Akizidisha risasi, floti huwa nzito na kabureta hufurika tena. Kazi hiyo ilitaka mkono mtulivu, na inastahili heshima kuliko inayopewa.

Pwani ya kusini ilikuwa na visababishi vyake pia. Chumvi ya hewa ilitoboa matangi na kuotesha kutu kwenye viunganishi vya betri, stata ikazunguka kivivu na cheche ikapungua. Petroli ilisafirishwa na kuuzwa kwa mapipa, na pipa lililokaa nje masika nzima liliingiza maji. Maji hukaa chini ya petroli, hivyo gari lilivuta maji kwanza. Magari yaliyosubiri pantoni ya Ndundu kuvuka Rufiji yalizimwa na kuwashwa mara nyingi katika joto, kisha yakakutana na tope zito la kuelekea Somanga. Gari lenye kasoro ndogo Dar es Salaam lilikuwa bovu kabisa kabla ya kufika Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, petroli na spea viliadimika nchi nzima, na magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Kila tone lililovuja likawa hasara kubwa. Gasketi zilikatwa kwenye karatasi ngumu za maboksi, ufa wa tangi ukapakwa sabuni ya kipande, ambayo petroli haiiyeyushi upesi. Kulikuwa pia na mazoea mabaya: kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira, na kujaribu cheche karibu na kabureta iliyolowa. La kwanza huharibu mapafu, la pili limeunguza magari na watu.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na kuanzia miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakamiminika. Mengi hayakuwa na kabureta. Nozeli hupuliza petroli kwa amri ya kompyuta, kwa shinikizo linalozidi mara kumi lile la pampu ya zamani. Kasoro zilibaki zilezile, zikahamia kwenye viungo vipya. Nozeli inayodondosha ndiyo sindano isiyofunga. Sensa ya joto la maji inayodanganya kwamba injini ni baridi ndiyo choki iliyonata. Kidhibiti cha shinikizo kilichopasuka ndani hupitisha petroli kwenye mpira wake mwembamba wa hewa, na ukichomolewa na kunuswa hujitaja wenyewe. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari husaidia kwa sensa, lakini mara nyingi haioni mpira uliopasuka nje ya injini, na kwa shinikizo kubwa la mfumo wa nozeli mvujo ni hatari zaidi ya ule wa Land Rover.

Muongo wa 2000 ulileta tatizo la petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo hayageuki mvuke kwa urahisi injini ikiwa baridi. Fundi aliweza kusafisha plagi mara tatu bila mafanikio, kumbe kosa liko kwenye kituo cha mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili faida ya kuchanganya ipotee.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003, lami ya Ndundu hadi Somanga ikakamilika miaka mingi baadaye, na spea ya Dar es Salaam sasa hufika Kilwa Masoko kwa basi siku hiyohiyo. Mei 2024, mafuriko ya kipindi cha kimbunga Hidaya yalikata barabara eneo la Somanga, na hali ya zamani ikarudi kwa muda. Kabureta nayo haijatoweka: imehamia kwenye bodaboda, bajaji na jenereta. Vijana wanaozitengeneza Kilwa Kivinje na Lindi mjini husafisha floti na sindano zilezile kwa mpangilio uleule. Kabla ya kushika spana, fundi mzuri miongoni mwao hufunga koki ya mafuta, huondoa moto wowote ulio karibu, na hunusa.