Wanyama Katika Vyombo vya Udongo vya Wamaya

Watu wengi wakiona mnyama amechorwa katika chombo cha udongo hudhani kuwa ni pambo tu. Kwa Wamaya wa kale haikuwa hivyo. Kwao mnyama alikuwa neno la kusomwa.

Wamaya ni wenyeji wa Guatemala, Belize na kusini ya Meksiko, na hata leo wako mamilioni wasemao lugha zao. Miji yao ya misituni ilistawi sana tangu mwaka 250 hata 900 hivi baada ya Kristo. Walikuwa na maandishi yao wenyewe, na vitabu. Lakini mwaka 1562, katika mji wa Maní, mtawa Mhispania jina lake Diego de Landa aliamuru vitabu vyao vichomwe, akiviona kuwa ni uongo wa Shetani. Vilivyosalia duniani ni vinne tu. Basi mengi twajifunza kwa vitu ambavyo moto haukuviweza, kwa kuwa vilikwisha kupita motoni, ndivyo vyombo vya udongo.

Wafinyanzi wao hawakuwa na gurudumu. Walifinyanga kwa mikono, wakapaka rangi za udongo, kisha wakachoma. Vyombo bora vilitumika katika karamu za wafalme, tena vikazikwa pamoja nao.

Katika michoro hiyo twamwona jagwa, mnyama afananaye na chui. Mfalme huketi juu ya ngozi yake au huivaa, maana jagwa ni ishara ya enzi. Bundi naye alikuwa mjumbe wa mabwana wa Xibalba, yaani kuzimu. Kima je? Huonekana ameshika kalamu na kitabu. Maana yake twaipata katika masimulizi ya Popol Vuh, aliyoyanakili padre mwingine, Francisco Ximénez, mwanzoni mwa miaka ya 1700. Humo ndugu wawili, mafundi wa kuandika na kuchonga, waliwaonea wivu wadogo zao, hata wakageuzwa kuwa kima. Ndiyo sababu kima alikuwa mlinzi wa waandishi.

Samaki alikuwa na kazi nyingine tena. Katika maandishi ya ukingoni mwa vyombo, alama ya samaki husomwa "ka", nayo huanza neno "kakaw", yaani kakao, kinywaji cha wakubwa. Mwaka 1984 chombo chenye neno hilo kilipatikana kaburini huko Río Azul, Guatemala. Wataalamu walipoyapima masalio yaliyokauka ndani yake, waliona kweli ni kakao. Neno na kitu vilipatana.

Chombo hicho kilijibu kwa sababu kilitolewa kaburini na watu waangalifu. Vingi vingine vilichimbwa na wezi, vikasafishwa na kuuzwa kwa matajiri wa nchi za mbali. Mnyama wake bado apendeza macho, lakini hatujui alizikwa na nani, wala pamoja na vitu gani. Landa alichoma vitabu kwa bidii ya dini yake, na mwizi huchimba kwa tamaa ya fedha. Nia zao ni mbalimbali, bali hasara ni moja. Anayekiondoa chombo mahali pake pasipo kuandika habari zake amelifuta nusu ya neno, na nusu iliyobaki haiwezi kujisomea yenyewe.